Kuombea Vigoda Vitupu

Ifakara, Jumapili, Mei 1996

Mvua ilianza alfajiri ikakatika katikati ya ibada. Sasa ni jioni, jua bado linawaka na matope yanatoa mvuke. Nimerudi kutoka shambani kwa dada yangu, miguu inaniuma. Nilichokiona leo si habari ya kumpelekea mhariri. Nakiandika hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kukiweka.

Nianze na mchungaji, maana jambo lilianzia kwake.

Kila mwaka, mpunga ukishapandwa, watu wa hapa Viwanja Sitini huhamia mashambani. Hujenga vibanda huko bondeni na kukaa hadi mavuno. Kanisa hubaki na walimu, wenye maduka na wagonjwa. Wachungaji waliotangulia walikemea. Huyu hakukemea. Mwaka jana alikwenda Morogoro kwenye semina ya njia mpya za huduma, akarudi na fikra moja: mtu habadiliki kwa kuambiwa, hubadilika akijua kwamba anaonekana. Akaomba kila kaya ilete kigoda chake kanisani na kukiacha hapo. Usipokuja Jumapili, kigoda chako kinapelekwa mbele, na waumini wanakiombea. Hatajwi mtu jina. Halaumiwi mtu.

Hakuna haja. Kila mtu anakijua kigoda cha mwenzake.

Mpango umefanya kazi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli na nimekwenda kuona mwenyewe. Msimu huu watu wanatoka bondeni Jumamosi mchana, wanalala mjini, wanasali, wanarudi Jumapili jioni. Kanisa limejaa mwezi wa Mei. Nimezaliwa hapa na sijawahi kuona hivyo.

Lakini Mei ndipo mpunga unapotoa maziwa, na ndege wanajua.

Dada Anjela ni mjane, analima peke yake. Punje zikiwa laini, kwelea huja makundi kwa makundi, hasa asubuhi na jioni. Lazima mtu awe juu ya dungu, lile jukwaa la miti, apige debe, apige kelele, arushe udongo kwa kombeo. Hiyo ndiyo kuamia, na haina siku ya mapumziko. Mwanzoni mwa msimu dada alikosa ibada mara moja tu. Alipokwenda mjini kununua chumvi akakutana na mama mmoja wa kwaya.

"Mama Deo! Kumbe upo hai? Juzi tumekulilia, kigoda chako kiko mbele, nikasema limebaki jeneza tu."

Watu wote pale dukani walicheka. Dada naye alicheka, na alinisimulia huku akicheka. Tangu siku hiyo hajakosa ibada.

Nilimwambia abaki shambani. Nilimwambia kwa upole, kisha kwa ukali. Akanijibu, "Mdogo wangu, wewe kanisani hukai. Utajua nini?"

Wiki iliyopita nikaenda kwa mchungaji. Nilijiandaa kwa mabishano. Hayakuwepo. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Ndugu mwandishi, chakula cha mjane si kitu cha kufanyia majaribio. Jumapili naviondoa."

Leo ametimiza. Baada ya matangazo alisema vigoda virudi nyumbani hadi mavuno, na walio shambani waamie ndege wao kwa amani, Mungu yuko huko pia. Nilikuwa nimekaa nyuma. Nikashusha pumzi.

Mzee mmoja wa kanisa akasimama. "Mchungaji, samahani. Sasa waliopoa kiimani tutawajuaje?"

Akinamama wa kwaya hawakungoja ajibiwe. Walinyanyuka, wakachukua vigoda vya wasiokuwepo, wakavipanga mbele kwa mikono yao, wakaanza kuimba. Mchungaji alibaki amesimama na Biblia yake mkononi kama mgeni aliyekuta shughuli imeshaanza.

Dada alikuwa miongoni mwao. Alibeba viwili.

Nje, mchungaji alinifuata hadi penye baiskeli. "Nimewaambia," alisema. "Umesikia mwenyewe, nimewaambia." Nadhani hapo alijisikia mwenyewe, yeye aliyeamini kwamba mtu habadiliki kwa kuambiwa.

Nilishika baiskeli nikamwendea dada.

Mchana nilimsindikiza dada shambani. Baiskeli tuliisukuma zaidi ya kuipanda. Tuliwasikia ndege kabla ya kuliona shamba. Dada aliniachia usukani akakimbia, kanga mkononi, akipiga kelele, na kundi likainuka lote kwa pamoja likaenda kutua kwa jirani.

Suke lenye punje huinama. Upande wa chini, ule unaoshika maji vizuri, masuke yalikuwa yamesimama wima. Dada alichuma moja, akabana punje kwa ukucha, haikutoa maziwa. Kapi. Akabana nyingine. Kapi. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Huku basi," alisema. "Kule juu bado. Kule ndiko tutakakokula."

Nikamuuliza kama Jumapili ijayo atakwenda kanisani. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama atavaa nguo.

"Nitakwenda. Njoo uamie wewe. Jumamosi nitakuonyesha kombeo, usije ukajipiga kichwani."

Nimewahoji watu wengi waliopoteza mazao: kwa mafuriko, kwa nguruwe, kwa viboko. Wote walikuwa na wa kumlaumu. Dada hamlaumu mtu. Mchungaji alitaka watu waje, wamekuja. Kwaya inawapenda wasiokuwepo na inawaombea kwa machozi ya kweli, nimeyaona. Nimetafuta mkosaji tangu mchana na sijampata, na mpunga wa chini umekwisha.

Nimekubali kwenda. Ningekataa, angekwenda kanisani vilevile.

Sehemu ya juu bado ina maziwa. Sijui kama naweza kuilinda kutwa nzima, mimi ambaye mkono wangu umezoea kalamu. Na nikiweza, kanisani kitakuwepo kigoda kingine chenye mtu, wataona kwamba inawezekana, na mwakani wasiokuwa na ndugu wa kuamia wataombewa kwa sauti kubwa zaidi.

Nifanye nini, basi?

Jumamosi nitapanda baiskeli.