Sahani ya Jirani Nimeirudisha Tupu na Radhi Siombi

Bi Mwanakheri,

Wengine hukuandikia kuomba msaada. Mimi sitaki msaada wala huruma, nataka uandike gazetini kwa wino mweusi kwamba nina haki, kwa sababu mume wangu husoma ukurasa wako kila Jumamosi kabla hajafungua ule wa kandanda, na lolote usemalo wewe kwake ni hukumu ya kadhi.

Twaishi Mji wa Kale, nyumba ya ghorofa, sisi tuko ya kati. Mume wangu, nimwite Umair, anauza leso katika duka la ami yake Biashara Street, na mshahara wake ni wa mwisho wa mwezi. Zamani nyumba yetu wiki ya kwanza ilikuwa kila siku arusi, wiki ya mwisho chai ya mkandaa isiyo na maziwa na mkate mkavu, maana Umair akipita Marikiti akaona nguru mzuri humchukua mzima, na kichwa chake na mkia wake, na sisi tuko watu wanne tu, kisha ikifika tarehe za ishirini ananiuliza pesa zimekwenda wapi kana kwamba nimezitia baharini mimi. Ndipo Jacinta wa chini, mke wa Ogutu anayefanya kazi bandarini, akanifundisha mambo ya bajeti. Siku ya mshahara twatoka pamoja twaenda duka la jumla, gunia la mchele twagawana, mtungi wa mafuta twagawana, vitunguu twachukua neti nzima, na nyama nanunua mara moja tu, naikata, naitia katika mifuko midogo, naipanga ndani ya friza, mfuko wa Jumatatu, mfuko wa Jumatano, mfuko wa Ijumaa, siku zilizobaki ni maharagwe, dengu, mbaazi na mayai, na anayetaka zaidi akavue.

Mwezi wa kwanza Umair alinuna, wa pili akazoea, wa tatu nikamsikia akijisifu barazani, ati, "Sisi nyumbani kwetu tuna mpango." Sisi! Usione vyaelea, vimeundwa, na fundi ni mimi.

Sasa nikueleze habari ya jirani wa juu, nimwite Sabira. Huku kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hilo nalijua tangu niko tumboni mwa mama, na mama yangu akaongeza lake, kwamba kinachorudi kiwe bora kuliko kilichokuja. Mimi na Sabira tukipelekeana kila Ijumaa miaka yote, yeye biriani mimi pilau, yeye sambusa mimi kaimati, katika vile visahani vyake vya ukingo wa dhahabu alivyotunzwa arusini, na kisahani chake kilikuwa kikikaa kwangu hata juma zima asikiulize. Ijumaa hiyo niliitia kwenye bajeti, sina neno nayo.

Lakini tangu Idd ipite Sabira amegeuka. Alianza kuleta Jumanne, kisha Jumanne na Alhamisi, kisha siku yoyote imjiayo, na kila mara ni wakati ule ule sufuria langu liko motoni na harufu imejaa ngazini. Na analeta nini? Viazi vya karai vitano. Kachumbari. Papai. Tena si katika visahani vile vya dhahabu, hivyo vimeingia mitini, siku hizi anashuka na sahani kubwa ya wali, ile ya kulisha wanaume watatu, na hicho kipapai kimekaa katikati peke yake kama yatima. Waona ujanja huo? Sahani ni kubwa, nami nimefunzwa kujaza! Na hataki kuiacha, anasimama pale pale mlangoni, "Nangojea sahani yangu, shoga, usijisumbue," usijisumbue na macho yako jikoni kwangu. Basi mfuko wa Jumatatu ukapanda ngazi, wa Jumatano ukapanda ngazi, mimi nanunua nyama, Sabira anaila.

Na si kwamba hana wa kumsaidia. Mumewe, Aqeel, alikuwa mtu wa kutoka alfajiri na pikipiki yake kwenda kwenye maghala kule bandarini, siku hizi namsikia yuko nyumbani mchana kutwa, anatembea juu ya kichwa changu, huku na huku, huku na huku, kama bwana mkubwa aliyestaafu, na pikipiki yenyewe siioni, labda ameiweka mahali isipigwe jua. Mimi wangu simuoni mpaka magharibi. Mwenye mume wa kumtuma sokoni mchana ni yeye, na anayelisha watu ni mimi! Na sijui hupika saa ngapi, maana katika nyumba hii nasikia harufu ya jiko la kila mtu isipokuwa lake.

Alhamisi iliyopita nilifungua friza nikakuta mfuko umebaki mmoja, na mwezi bado una safari. Wanangu wamekula dengu mpaka wameanza kunitazama kwa jicho la pembeni, na mfuko ule nilikuwa nimemwahidi binti yangu Mariya, kwa kuwa amemaliza juzuu chuoni. Ndiyo kwanza nyama imechemka, nasikia hodi. Sabira. Sahani ile ile, vipande vya muhogo wa kuchemsha na ndimu.

Bi Mwanakheri, damu ilinipanda. Lakini sikumtukana, wallahi sikumtukana. Nilimkaribisha, nikaupokea muhogo wake nikaumimina katika bakuli langu, nikaiosha ile sahani, nikaifuta mpaka ikang'aa, nikamrudishia. "Ahsante, shoga. Sahani yako hii." Akaitazama. Akaigeuza akatazama chini yake, sijui alifikiri nimeficha nini huko. Kisha akasema, "Haya. Mungu akuzidishie," akapanda zake polepole.

Tangu siku hiyo hajashuka na kitu. Tukikutana ngazini ananiamkia vizuri na kutazama ukuta. Wanawake wa jengo washapata la kusema, ati nimevunja desturi ya wazee, na Umair kayasikia mpaka dukani, amekuja juu, ati nimemtia aibu, ati mkono mtupu haulambwi, nipike biriani nipande nayo nikaombe radhi mbele ya watu. Jacinta anasema bajeti ni bajeti, na kwao bara sahani ikirudi imeoshwa vizuri watu hushukuru. Nami nasema siendi. Sikuiba, sikusengenya, nimetetea tonge la wanangu. Desturi gani hiyo ya kumfanya mtoto wangu ale dengu ili jirani ale nyama? Nimekataa, na nitakataa hata akija imamu. Kama nimekosa, nionyeshe nimekosa wapi.

Mwenye Friza Yake,
Mji wa Kale.

*

Bi Mwanakheri anajibu:

Mwenye Friza,

Wautaka wino mweusi, haya, shika: una haki ya kupanga, tena haki kamili. Mwanamke anayejua leo Jumamosi atakachopika Jumatano ni wa kuombewa umri. Na Jacinta huyo mshike usimwachie. Jirani wa kugawana naye gunia hapatikani kila mlango.

Wewe mume, najua unasoma, hebu ngoja kwanza, kandanda haikimbii. Hiyo biriani unayomwagiza mkeo apande nayo, nyama yake iko wapi? Mpango ulipokuwa mtamu ulisema barazani "sisi". Sahani iliporudi tupu imekuwa ni "yeye". Umeniudhi, na ningekuwa hapo kwenu ungenisikia kwa sauti.

Haya, bibi, turudi kwako, maana na wewe hutoki salama.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hasa pale pa kipapai. Mara ya pili kicheko kikanikauka. Hebu isome nawe, lakini uisome kama imeandikwa na mwanamke mwingine. Mume aliyekuwa akitoka alfajiri sasa anakipima chumba kwa miguu mchana kutwa. Pikipiki haionekani. Visahani vya arusi havionekani. Mwanamke aliyekuwa akipika biriani kila Ijumaa, jiko lake halitoi harufu. Anashuka wakati chakula chako kinaiva, ana kitu kidogo kwenye sahani kubwa, na haondoki. Ala! Mifuko yote ya friza umeihesabu, haya yote yakakupita? Mtu aliyeshiba hasimami mlangoni kungojea sahani, mwanangu. Sabira alikuwa anaomba.

Alikuwa anaomba kwa njia iliyomsalia. Wewe ni mtoto wa Mji wa Kale, hakuna haja nikufunze kwamba mwanamke wa huko hawezi kubisha mlango akasema, "Tuna njaa." Atakufa na stara yake kwanza. Visahani huenda ameuza, pikipiki huenda imeuzwa, lakini desturi ya sahani hakuna anayeweza kuinunua, hiyo anayo bado. Basi akatafuta muhogo akauchemsha, na sijui kama kule juu ulibaki mwingine, akashuka nao ili asije kwako mikono mitupu. Wewe wamwita mjanja. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na maneno hayo mumeo labda anayauza kila siku yamepigwa chapa kwenye leso.

Yawezekana nimekosea. Simjui Sabira, naijua barua yako tu. Pengine mume yuko likizoni na visahani vimepasuka. Ikiwa hivyo, hasara yako ni sahani ya dengu, njoo uidai kwangu.

Sasa sikiliza utakavyofanya, na ufanye leo, usingoje mshahara. Biriani ya radhi usipeleke, hiyo itatangaza ngazi nzima. Wala radhi ya mdomo usiombe, ukiiomba utamlazimisha aeleze, na kueleza ndiko anakokukimbia tangu Idd. Pika kile kile ulichokipangia leo. Kama ni dengu, dengu hiyo hiyo, ongeza viazi na tui, pakua katika sahani yako wewe, ile kubwa, upande nayo mwenyewe. Usimtume mtoto. Usisimame pale ukamchungulia jiko lake. Mwambie, "Shoga, nimepika imezidi, na sahani yangu haina haraka." Kisha shuka. Kesho kutwa fanya vile vile, mpaka naye azoee. Nyama uliyompa Mariya ilikuwa ya Mariya, hiyo usiijutie, mtoto aliitolea jasho.

Mwezi ukiisha, wewe na Jacinta mwambieni Sabira gunia la watu wawili linawashinda kubeba, mnataka wa tatu. Sehemu yake atatoa atakapopata, na asipopata mwezi huo, kuna mchele wa kuchagua na kuna mikono yake ya viazi vya karai ambayo hata wewe katika hasira zako hukuisema vibaya. Wazee wetu walikula kikoa, kila mmoja akitoa chake, na friza hawakuwa nayo. Itie sahani ya juu kwenye bajeti kama ulivyoitia Ijumaa. Wewe ni fundi, umesema mwenyewe. Fundi hashindwi na sahani moja.

Na wewe mume, kwa kuwa umeshasoma hadi hapa, funga huo mdomo. Barazani usilete neno. Ukitaka kuondoa aibu, uliza polepole huko Biashara Street ni nani anayehitaji mtu wa ghala mwenye kujua kazi.

Majina yote nimeyabadilisha, na chakula kimoja, na kitu kingine ambacho sikitaji, ili mwenyewe akiisoma asijione. Hata hivyo gazeti hili usiliache ngazini.

Ama hao majirani wanaonong'ona, wale wa kupelekeana ili waonekane wamepika, sahani zao zioshe, zifute zing'ae, uzirudishe tupu, na akiuliza mtu mwambie Bi Mwanakheri ameruhusu. Desturi hii iliwekwa ili pasiwe na nyumba inayolala na njaa chini ya paa moja na nyumba iliyoshiba. Mashindano ya pilau yamekuja baadaye, na hayo nakuruhusu uyavunje kila siku ya juma. Bishana na jengo zima ukipenda. Na Sabira, la.

Siku sahani yako itakaporudi tupu, ipokee kwa mikono miwili, usiigeuze kutazama chini. Mwenzio ulimpa sahani tupu, naye tumboni hana kitu, akakujibu, "Mungu akuzidishie." Mimi nisingeweza kulitamka hilo, na wewe pia, tujuane. Basi kama dua yake imepokelewa na chochote kimezidi jikoni kwako leo, panda ngazi.