Walinipigia Makofi Nikizama

Mama Bariki, mshauri wangu,

Pokea salamu kutoka huku mwisho wa reli. Nakuandikia nikiwa nimekalia kreti la soda nyuma ya jiko langu, na binti yangu Diana anadhani naandika orodha ya vitu vya sokoni, kwa hiyo mwandiko ukikusumbua unisamehe, kila akipita nafunika karatasi kwa kiganja.

Mimi naitwa Melania, ni mjane wa miaka hamsini na minne, Muha wa hapahapa Kigoma, nakaanga migebuka, samaki wa ziwa letu, na kusonga ugali kwenye bichi moja nje kidogo ya mji, na ndimi mwenyekiti wa wafanyabiashara wa hapo, tuko kumi na mmoja, kuna wa chipsi, wa vitenge, wa soda, na kuna Castory anayekodisha mitumbwi. Maji yetu ni safi mpaka unahesabu kokoto za chini, na wageni wakitoka kuwaona sokwe hupenda kuja kumalizia siku kwetu, wanaoga, wanakula, wanapiga picha, na sisi tunaishi.

Mwezi wa nne uliitishwa mkutano wa mtaa, na Mzee Thobias, baharia mstaafu wa meli, mgane, mtu mtaratibu ambaye asubuhi zote utamkuta ziwani anaogelea peke yake, akasimama na kuomba bichi yetu iwekwe mabango ya tahadhari. Alisema amepima kwa kamba, ukitoka nchi kavu unatembea hatua kumi na nane maji yakiwa hayajapita kiuno, hatua ya kumi na tisa ardhi imekwisha, chini ni shimo ambalo kamba yake haikulifikia. Wafanyabiashara wakanitazama mimi. Nami nikasimama, Mama Bariki, na Mungu alinipa mdomo, nikasema mgeni akipokelewa langoni na bango la fuvu la rangi nyekundu atageuza gari, nikasema picha ya fuvu hilo itazunguka kwenye simu za dunia nzima, nikasema mimi nimezaliwa hapa na nimeyaogelea maji haya tangu nikiwa mtoto na hilo shimo silijui. Watu wakapiga makofi mpaka mwenyekiti wa mtaa, Bwana Nikodemu, akagonga meza kuwanyamazisha. Hoja ya mabango ikafa palepale. Mzee Thobias akanipungia mkono kwa heshima, akaketi.

Sasa nakuambia kitu ambacho hata marehemu mume wangu hakukijua. Mimi sijui kuogelea. Sijawahi kujua. Maji ya ziwa lile, maisha yangu yote, yamenifika magotini tu, nikiosha sufuria.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumapili, bichi imejaa, alikuja mama mmoja wa makamo kutoka Dodoma, ana kofia kubwa ya ukili, upepo wa mchana ukaichukua ukaiweka majini, mbali kidogo. Akasema, jamani kofia yangu. Castory akasema kwa sauti, Mama Diana yupo, ndiye mwenyeji wa maji haya. Watu wote wakanigeukia, na mimi badala ya kusema mtumbwi uchukuliwe nikakaza kitenge changu kiunoni nikaingia. Sikuhesabu hatua. Nakumbuka kokoto zilikuwa baridi chini ya nyayo, kofia ikawa karibu, nikanyoosha mkono nikaishika ukingoni, halafu mguu wa kushoto haukukuta kitu. Nilishuka. Nilifumbua macho nikaona bluu tupu, wala sikuweza kujua juu ni wapi, na nilichofikiria ni kwamba mafuta ya samaki yataungua jikoni na Diana hayupo karibu.

Kuna mkono ukanishika kwapani ukanisukuma juu. Alikuwa Mzee Thobias, kumbe aliponiona naingia alishaanza kuja kwa upande, taratibu, bila kelele. Nikatokeza juu ya maji, kofia bado nimeing'ang'ania, na ufukweni watu wanashangilia, wanapiga makofi, Castory anapiga miluzi, walidhani nimepiga mbizi kuifuata. Mzee Thobias akaniambia kwa sauti ya chini, "Cheka, Mama Diana. Wanakutazama." Nikacheka, maji yananitoka puani. Akanisindikiza mpaka maji ya kiunoni, kisha akaogelea zake kama aliyekuwa anapita tu.

Kesho yake nilimpelekea sahani ya migebuka iliyofunikwa vizuri, nikamsalimia mwakeye, salamu yetu Waha ya asubuhi, nikamuuliza kwa nini hakuniumbua, maana ushahidi wote wa mkutano alikuwa nao mkononi. Akaniambia, "Habari ya kuzama ni yako. Nikiisema mimi nitakuwa nimekushinda, na mimi sitafuti kukushinda. Natafuta watu wasizame." Halafu akaniuliza, polepole, kama najua kuogelea. Nikamjibu hapana. Ni mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwangu kwa swali hilo, na nilijihisi mwepesi kama niliyetua ndoo kichwani.

Basi akaanza kunifundisha, asubuhi kabla sijawasha jiko, nyuma ya mawe ambako bichi haituoni, na Diana nikamchukua awe shahidi watu wasije wakasema. Siku ya nne nilielea. Nililala chali, masikio ndani ya maji, nikasikia injini ya boti iliyoko mbali kabisa kama iko tumboni mwangu, na nikacheka mpaka nikameza ziwa nusu. Sasa naogelea kutoka jiwe hadi jiwe. Diana naye alijifunza upesi kuliko mimi, na juzi akaniuliza kama bado kuna haja ya yeye kuamshwa alfajiri, kwa sababu yeye kujua ameshajua na anaona sisi wawili tunaongea zaidi kuliko tunavyoogelea.

Aliona sawa, mshauri. Wiki iliyopita Mzee Thobias aliniomba tuoane. Nikamwambia anipe muda, na moyo unanienda mbio ninapoandika hivi, kwa umri huu.

Tatizo ni hili. Msimu wa wageni wa mwezi wa sita unakaribia na Bwana Nikodemu ameitisha mkutano wa pili Jumamosi ijayo, suala la mabango lijadiliwe upya, na wenzangu wameniweka msemaji wa kwanza, na ushahidi wao mkubwa ni kofia. Castory anaisimulia kila mahali, Mama Diana kajitosa na kitenge chake akazama akaibuka na kofia, sasa hatari iko wapi. Nikinyamaza nitakuwa mwongo mara mbili. Nikisema ukweli nitavuliwa uenyekiti na kuchekwa mpaka Ujiji. Na wakija kusikia habari ya ndoa watasema mzee wa watu aliniteka kwa mapenzi nikabadili msimamo. Nilifikiria nijifanye naumwa siku hiyo, kisha ndoa tuisogeze mpaka mwakani watu wasahau. Nishauri, nifanye lipi.

Melania, Kigoma

*

Melania,

Nilicheka ulipotaja mafuta ya samaki, nikaacha kucheka nilipoukumbuka mkutano wako wa kwanza. Kwa kuwa uliandika namba ya simu chini ya barua, na kwa kuwa gazeti hili hutoka Jumapili nawe mkutano wako ulikuwa Jumamosi, nilikupigia siku ileile barua iliponifikia. Umeniruhusu kuchapa yote na majina yenu, basi nayarudia niliyokwambia, wasomaji wengine nao wayasikie.

Nilikwambia umekosea, na kosa lako si kutojua kuogelea. Wengi waliozaliwa kando ya maji hawajui. Kosa lako ni kuutumia mdomo ambao watu wanauamini kuwaambia hakuna shimo, na wewe hujawahi kwenda kulitazama. Ulipofikishwa huko na kofia ya mgeni ukaliona kwa macho yako, kisha ukakaa wiki kadhaa unajifunza kuogelea nyuma ya mawe huku wageni wakiendelea kuoga upande ule mwingine bila kuambiwa kitu. Wewe ulipata mwalimu, mama wa Dodoma je? Nakupenda, ila hilo lazima nikukaripie.

Nilikwambia pia usisubiri Jumamosi. Nilikutuma siku hiyohiyo kwa Mzee Thobias, avute kamba kwenye ule ukingo na kuifungia madumu ya njano matupu yaelee, na ninyi wenye meza za chakula mmwambie kila mgeni anayeketi kwamba mwisho ni kwenye madumu. Ulifanya, tena kabla ya jua kuzama. Kuhusu kujifanya mgonjwa nilikukataza. Nikakwambia uingie mkutanoni ukiwa wa kwanza kusema, kama walivyopanga, na uliseme lako lote, habari ya ndoa usiitie mdomoni siku hiyo.

Ukanipigia Jumamosi jioni na nilikuwa sijala nikisubiri. Ulinisimulia ulivyosimama, ukasema siku ya kofia sikupiga mbizi, nilizama, na aliyenitoa ni huyu hapa. Ukasema, mimi mwenyekiti wenu sikuwa najua kuogelea nilipowaambia hakuna hatari. Ulidhani watacheka. Castory ndiye aliyenyanyuka, yule wa miluzi, akavua kofia yake, akasema yeye anakodisha mitumbwi mwaka wa tisa huu na kuogelea hajui, kila akipiga kasia huomba mtumbwi usipinduke. Bwana Nikodemu akauliza kati ya wafanyabiashara nani anajua. Mikono miwili ikainuka kati ya kumi na mmoja, mmoja wako, mwogeleaji wa wiki nne. Hapo ndipo mkacheka, wote, hata yeye aliyekuwa anaandika kumbukumbu.

Mabango yakapita. Mkabishana saa nzima juu ya maneno tu, na huo ndio ubishi wenye faida. Wenzako walikuwa na haki ya kuogopa fuvu, mgeni anahitaji kuelezwa hatari iko wapi na yeye akae wapi, hakuna haja ya kumtishia kifo langoni. Nimependa mlichokubaliana: mchoro wa mtu aliyesimama maji yakimfika kiunoni, mstari wa kamba, na upande wa pili rangi ya bluu mpaka chini, na maandishi haya, "Karibu uoge. Baada ya kamba hakuna chini." Kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Uenyekiti hawakukuvua. Na umeniambia wafanyabiashara saba wamejiandikisha kwa Mzee Thobias, Castory wa kwanza.

Yaliyobaki ya kufanya ni machache na sitaki ubishi. Mabango yasimame kabla ya mwezi wa sita kuanza. Kamba ikaguliwe kila asubuhi na mtu mnayemjua kwa jina, dumu lililotoboka libadilishwe siku hiyohiyo. Kuwe na mtu mmoja anayejua kuogelea kila Jumapili, amekaa anatazama maji, hali wala hauzi chochote.

Sasa hilo la ndoa. Unauliza kama muisogeze mwakani watu wasahau. Wasahau nini, Melania? Wakisema uligeuzwa na mapenzi, wape mpangilio ulivyokuwa: ulizama kwanza, ukajifunza, ndipo ukapenda. Binti yako kachoka kuamshwa alfajiri. Mzee wa watu alikuokoa akaogelea zake, akakaa na siri yako bila kuigusa, akakuomba kwa adabu, na wewe unaniandikia mimi kwamba moyo unakuenda mbio. Mimi siyo wa kuambiwa, ni yeye.

Gazeti hili litafika Kigoma mchana. Zima jiko, nenda mlangoni kwake, umjibu kwa mdomo wako. Usimtumie meseji.

Mama Bariki