Kiu Isiyo ya Maji

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako uliyembeba mgongoni. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba goti la Mama limepungua kuvimba. Mimi mwili haujambo; ya moyo utayasoma mbele. Nakuomba uisome peke yako kwanza.

Uliniuliza mbona nimekuwa kimya. Niko pale pale, fundi wa mashine katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Mwaka wa tatu sasa tangu tumzike kitinda mimba wetu, na kila asubuhi napita kando ya mashine ya kukamulia iliyomuua. Wameipaka rangi mpya.

Kulikuwa na mzee mmoja, mshonaji wa mashuka yaliyochanika, tukimwita Mama Viraka. Wakati wa chakula, wenzake wakipiga soga, yeye aliketi juu ya furushi, mgongo wima, macho kafumba, akifuata pumzi yake. Mtu wa boila ya kuchemshia maji alimtania kwamba anayefumba macho mbele ya sahani asije akamlaumu paka. Mwenyewe alicheka kuliko sisi sote. Alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Buddha.

Nilimwendea kwa sababu usingizi ulikuwa umenihama. Akaniambia Buddha hakuanza na habari za mbinguni, alianza na maumivu: kuzeeka, kuugua, kufa, kutengana na uwapendao. Maumivu yana chanzo, akasema, nacho ni kiu; si ya maji, bali ile ya kutaka kitu kiwe changu, kisiondoke, kisiwe kama kilivyo. Kiu hiyo huzimika, na njia ya kuizima ipo, ina sehemu nane: kuona sawa, kunena sawa, kutenda sawa na nyingine. Akasema hakuna kinachodumu. Hata huyu ninayemwita mimi ni kama mvuke, ukiutazama ni kitu kimoja, kumbe ni matone yanayopita.

Dada, nilifurahi kwa ubaya. Kama kila kitu hupita, na langu si litapita? Na kama hakuna mimi, wa kulaumiwa ni nani? Nikamweleza hivyo, nikidhani atanisifu kwa kuelewa upesi. Akaiweka sindano chini.

"Mwanangu, umeliachia hilo jambo, au umelikimbia?"

Nikainuka nirudi kwenye mashine zangu.

"Tendo ni mbegu," akasema. "Likishapandwa litaota, umlaumu mtu au usimlaumu. Nenda ukalitazame kwanza."

Mwezi uliopita alilazwa, saratani ya tumbo. Nilikwenda kumwona alasiri moja nikitarajia utulivu mtupu. Nilimkuta mifupa na jasho, anauma pembe ya shuka. Nikamuuliza kama mafundisho yanamsaidia. Akasema anaogopa, na maumivu ni maumivu. Ila yeye haongezi uongo juu ya maumivu hayo. Siku nne baadaye akafa. Huenda shuka lake lilikuja kwetu kufuliwa. Sikuuliza.

Sasa sikiliza, Dada. Unajua Mama alivyomfukuza wifi yako, mjane wa mdogo wetu, kabla udongo wa kaburi haujakauka, akisema aligombana na mumewe, kijana akaja kazini kichwa hakipo, akaingiza mkono mashineni. Habari hiyo Mama aliipata kwangu. Wakaguzi wa kazi nao waliipata kwangu. Ni uongo. Mdogo wetu alikuja asubuhi ile akipiga mluzi.

Ile mashine ina swichi inayozuia mfuniko kufunguka kabla pipa linalozunguka ndani halijasimama. Ilikuwa inatuchelewesha. Mimi nilitaka zamu yangu iwe ya kwanza, nisikie msimamizi akisema hakuna fundi kama mimi. Nikaifunga swichi kwa waya, mfuniko ukawa unafunguka hata pipa likizunguka, na sikumwambia mtu. Mdogo wetu akafungua mfuniko kama kawaida, akashika shuka, pipa likamchukua hadi begani. Wenzangu walipokuwa wakimbeba kwenda nje, mimi nilibaki ndani nikiutoa ule waya. Alikufa mimi nikiwa na koleo mkononi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa wifi yako. Anaishi chumba kimoja nyuma ya kinyozi, anapiga pasi nguo za watu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Hakulia, hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu: je, asubuhi ile mumewe alimtaja? Nikasema ndiyo, alisema ataomba ruhusa atoke mapema, mtoto wenu ameanza kutembea, anataka amwone akiwa macho. Akaiweka pasi chini polepole, kisha akafunga mlango. Nilisimama pale hadi kinyozi akatoka kuniuliza natafuta nani.

Jana nilikwenda kwa wakaguzi wa kazi nikaandika maelezo na kutia sahihi. Wameniita tena Jumatatu. Sijui kama nitarudi nyumbani siku hiyo. Ndiyo maana nakuja huko kwanza, Jumamosi hii. Usimwambie Mama chochote. Atayasikia kinywani mwangu. Nakuomba tu uketi karibu yake, umshike. Mimi usinishike.

Wasalimie watoto, na shemeji. Kama baada ya kusoma hutaki nikuite dada, nitaelewa.

Ni mimi, mdogo wako,
Fundi