Sahihi ya Siku ya Mazishi

Koboko, Jumatano

Kaka Andrew,

Salamu nyingi huko Juba. Sisi tupo. Mvua imechelewa, mihogo ya shamba letu la kule Adumi imenyauka, ila kaburi la mama tumelijengea kwa saruji uliyotuma.

Umeuliza kama wilaya imekubali kunilipia mkopo wa chuo. Imekubali. Sharti lilikuwa miaka mitatu kazini bila kukosa sahihi hata siku moja kwenye kitabu cha mahudhurio. Mama alifariki zikiwa zimebaki wiki mbili.

Yasiri, niliyekuwa nakaa naye ofisi moja, alinitilia sahihi siku ya mazishi. Tukiwa bado tunafukia, nikamwona mkubwa wetu anashuka kwenye pikipiki na bahasha ya rambirambi. Alinipa mkono, akaniambia pole. Kesho yake akafungua kitabu.

Akatuita wote wawili. Alisema siku ya kumzika mzazi haihesabiwi, ningeomba ruhusa tu. Kisha akauliza, "Paska, wewe ulimutuma huyu?"

Nikasema sijui lolote. Yasiri alinitazama, halafu akasema, "Mimi nilimuhurumia." Akafukuzwa siku ileile.

Sasa anabeba magunia sokoni. Jana mkewe, Zulaika, aliniletea unga wa msiba na kumwombea mama rehema. Niliupokea kwa mikono miwili.

Kaka, usimwambie mtu. Yasiri nilimwomba mimi, tena mara mbili, maana mara ya kwanza alikataa.

Ni mimi mdogo wako,
Paska