Sahihi ya Mume

Ruqaya, hutaamini. Nimetoka sasa hivi kwa semina ya shirika letu hapa Mitaboni, ile ya kufunza wanawake haki zao za shamba.

Unajua bosi aliweka nini kwa fomu? Sahihi ya mume. Ati mwanamke hawezi ingia kufunzwa haki zake kama bwana yake hajakubali!

Ndanu, mmoja wa waliokuja kufunzwa, akasema yeye ni mjane. Bosi, bila haya: "Basi mama, lete shemeji atie sahihi."

Shemeji! Si ni huyo Masila alimnyang'anya Ndanu shamba mara tu mumewe alipozikwa? Si ndiyo maana Ndanu alikuja?

Nikamwambia bosi hivyo, kando. Akanijibu, "Syombua, sisi tunaheshimu mila." Mila! Na yeye amezaliwa Nairobi!

Masila akaitwa. Akatia sahihi akicheka, akapewa soda na fulana ya shirika. Kalamu nilimpa mimi, Ruqaya. Mimi.

Ndanu akaruhusiwa kuingia, akakaa nyuma.

Sasa niko hapa barabarani, na ng'ambo namwona Masila analima shamba la Ndanu. Fulana ameshavaa. Mgongoni imeandikwa HAKI YA MAMA.