Birika Juu ya Valvu

Hallertau, 9 Septemba 2019

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na bia ya Jumapili bado inashuka. Mimi mzima, ila nimekasirika.

Nimemkuta tena Vitus wa mtamboni na birika la chai, anaimwagia maji ya moto valvu iliyogandishwa na baridi ya gesi inayopita ndani yake. Anasema umemruhusu kwa simu. Baba, mtambo wako wa zamani ulikamua hopsi, hayo maua ya kutia bia uchungu na harufu, sufuria moja moja, mkikosea, mnangoja. Huu mpya unakamua mfululizo. Barafu ikiziba, presha inapanda, na mashine yenyewe inaifungua valvu mpaka mwisho. Ukiyeyusha barafu hiyo ghafla, gesi yote inapita kwa mkupuo na inaweza kupasua chombo cha chini kinachoipokea. Niliagiza kipasha moto cha umeme cha kuzungushia bomba, wewe ukalifuta agizo. Sasa chagua: birika au mimi.

Mwanao,
Walburga

14 Septemba

Walburga mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, usilitumie kunilainisha.

Presha nimeishika kwa birika kabla hujaota meno. Kiwanda ni changu. Matrekta ya hopsi yamepanga foleni mpaka kanisani, wewe unataka tusimamishe kazi tufunge nyaya za kipasha moto chako. Nimewasimulia wenzangu pale baani, wamecheka mpaka bia ikawapalia. Mlango unaujua.

Baba yako,
Alois

6 Desemba

Walburga mwanangu,

Hujambo huko Nyuzilandi ulikokwenda baada ya ugomvi wetu? Nasikia kwenu ni kiangazi. Sisi tumefunikwa na theluji.

Jumanne valvu iliganda, Vitus akaimwagia maji kama nilivyomwambia. Chombo cha chini kimepasuka. Mtambo umelala, hopsi za watu zinapoteza harufu ghalani, wenye viwanda vya bia wananifokea. Niandikie kipasha moto kile kinafungwaje, na presha niiweke wapi. Ukiweza, rudi. Yale mengine tuyasahau.

Baba yako,
Alois

Motueka, 15 Desemba

Alois,

Shikamoo leo sikupi.

Maelezo nimemtumia fundi wa zamu, kwa ajili ya wanaosimama karibu na valvu, si kwa ajili yako. Umeniandikia chombo, hopsi na makelele ya wenye bia. Kwamba Vitus amepoteza jicho nimeambiwa na mkewe. Vitus, aliyenibeba siku ya ubatizo wangu, uliyekunywa naye tangu ujana. Hujakanyaga hospitali hata mara moja.

Nenda ukamwone, na birika uliache nyumbani. Akiniambia ulikaa naye, nitakuita baba.

Walburga