Kamionete Yako Haikukataa, Tata

Tata,

Nakuandikia nikiwa nyuma mu kamionete yako, pale munawekwa mizigo, ku lagare. Tuko hapa na mutoto, na bwana yangu Kalala, na mama yake. Tunangoja treni ya Kasai. Batu ni wengi, kila famille na godoro yake na sufuria zake. Usishituke. Nitakuelezea pole pole namuna tulifika, juu ile kamionete ilileta maneno.

Tangu tulikuzika, muji umebadilika. Atelier yenye ulitumika imefungwa, majani inaota mbele ya mulango. Na sasa banafukuza batu ba Kasai. Kalala mwenyewe alizaliwa hapa hapa Dilala, unajua, Kasai hajaiona hata siku moja, lakini balimwambia arudi kwao. Bijana balikuja wakagonga mulango yetu, wakasema siku ya Mungu, Jumapili, wakikuta mutu mule ndani, bataichoma nyumba na batu bake. Kalala alitangulia ku lagare kutushikia nafasi. Mi nilibaki na mutoto ku mugongo na mama mukwe, ule mwenye kiuno kibaya. Hawezi kutembea hata mupaka ku kisima. Wenye taxi balikataa, banaogopa kutupiwa majiwe. Ilibaki kamionete yako tu.

Niliingiza funguo, nikageuza. Tak. Basi. Nikageuza tena. Tak.

Kaka Ilunga alikuwa anasimama pale, mikono mu mifuko. Akasema: "Unaona? Ni Tata anakataa. Wewe ni mutoto wa hapa. Acha bo baende, wewe ubaki na mutoto." Majirani balisikia, na neno likazunguka parcelle yote: muzee amefunga gari yake, hataki binti aende. Hata mama mukwe alishuka chini, akakaa juu ya kifurushi chake, akanambia: "Mama, kama tata yako anakataa, mi siwezi kugombana naye. Niache hapa."

Hiyo ndiyo ilinichoma, Tata. Juu wewe ndiye ulikubali Kalala, siku shangazi zote balikuwa banakataa. Ulisema: "Anajua kushika lampe bila kutikisika wakati natengeneza. Inatosha." Sasa wewe ule ule ungenifungia njia?

Nikasema, sitaamini kabla ya kuangalia. Nikafanya vile ulikuwa unafanya.

Kwanza nikawasha mataa, nikamwambia Ilunga aangalie wakati nageuza funguo. "Inazimika?" Akasema haizimiki, inawaka vizuri. Basi batri iko muzima. Nikamwaga maji ya moto ku vichwa vya batri, ile unga mweupe ikatoka, nikakaza. Tak. Ilunga akacheka. Akasema: "Umuombe pardon, pengine atakusikia."

Nikakumbuka kelele zako: "Usipige piga. Gusa. Pale panapata moto, pale ndiko kuko shida." Nikageuza funguo tena mara nyingi, halafu nikafungua kapo ya mbele, nikaingiza mukono ku moteri. Kabulu nene, ile waya ya kupeleka umeme ku demareri yenye inaamsha moteri, baridi. Demareri yenyewe, baridi. Lakini ile waya nyembamba ya gazi, yenye inatoka ku pedali ya kuongeza mwendo, ilinichoma vidole. Ilikuwa inatoa moshi kidogo. Mi nikaikazia macho. Waya ya gazi haina kazi na umeme. Umeme unafanya nini mule?

Nilikaa chini, nikamupa mutoto ziwa, nikawaza. Ulinifundisha kama umeme ukienda ku moteri, lazima urudi ku batri. Ukikosa njia yake, unapita popote. Nikalala chini ya kamionete, na ile nguo ya matanga yenye sijavua. Nikaona bulon moja ya kukaza ku moteri, na nyingine ku shasi, ile chuma ndefu ya chini. Pembeni yote ni mafuta na udongo, lakini pale penyewe panang'aa, pasafi. Kitu kilikuwa kinafungwa pale kila siku. Masi, Tata. Ile kabulu ya kurudisha umeme haikuwa pale.

Na hapo nikasikia mu kichwa salopete yako, ile ovaroli. Kila mangaribi ulikuwa unaitundika nyuma ya mulango, nayo inagonga ubao, ko. Mama alikuwa anasema siku moja utaboa ule mulango. Mi nilifikiri ni kle, zile spana zako. Kumbe tangu wezi balianza kukata shaba mu muji, ulikuwa unafungua masi yako kila mangaribi na kuingia nayo mu nyumba, mu mufuko wa salopete. Na siku ya kumaliza matanga, wakati tuligawa nguo zako, salopete tuliipa tata mudogo wa Kasaji. Alisema ni nzito. Tukasema ni nguo ya kazi, ndivyo iko.

Nilicheka peke yangu chini ya gari. Mama mukwe alifikiri nimepata wazimu.

Nikaenda ku waya ya kuanikia nguo, ile ya shaba ulinifungia wakati mutoto alizaliwa. Wezi habakuiona siku zote, juu bitambaa byake bilikuwa binaifunika. Nikaifungua, nikaikunja mara nyingi, nikaisokota na kijiti, nikaparua vichwa na kisu mupaka vikawa vyekundu. Nikafunga ku bulon zako.

Iliwaka, Tata. Ilikohoa kwanza, moshi mweusi, halafu ikashika. Mama mukwe akasema: "Muzee amejibu." Ilunga akatoa mikono mu mifuko. Alimunyanyua yule mama na kifurushi chake, akamuweka mbele, yeye akapanda nyuma pamoja na godoro. Mu njia, kila penye bijana balisimama, alikuwa anabalalamikia kwa kiluba chetu kama dada yake hajui kuendesha, bamuachie nafasi. Bakasikia ni luga ya hapa, bakacheka, tukapita.

Mangaribi nafungua waya ku moteri, kama wewe. Muchana naifunga kati ya kamionete na fensi, naanika bitambaa bya mutoto. Ilunga alienda Kasaji kuchukua kabulu yako. Treni ikija, yeye atarudisha kamionete pa nyumba, na atapalilia kaburi yako, alinihakikishia. Waya ni ya kwangu, naenda nayo.

Basi, lala vizuri, Tata. Mutoto mwenye jina lako ameanza kukaa peke yake bila kushikwa. Kule tutafika, nitatafuta miti mibili, nitafunga hii waya na kuanika. Na siku batatuachia turudi, nitaifungua tena, nije nayo.

Binti yako